Homa ya Kyela

Kwetu Isongole homa ilikuwa na anwani.
Iliitwa homa ya Kyela,
kama mchele, kama kakao, kama joto:
kitu cha bondeni, hupanda na wageni
na kushuka nao.

Mjomba Ambakisye aliporudi kutoka kwenye mpunga
akitetemeka ndani ya makoti mawili,
hakuna aliyeogopa kulala naye chumba kimoja.
Mama alichochea mkaa, akambandikia uji wa ulezi.
Mbu aliyemfuata mzigoni, kama alimfuata,
alikufa usiku uleule kwa baridi,
miguu juu, bila shahidi.

Sisi tulilima pareto.
Kila baada ya wiki mbili tulipita kwenye matuta
tukichuma vichwa vyeupe vyenye moyo wa njano,
tukavianika kwenye turubai hadi vikalia kama karatasi,
pua zinawasha, macho yanatoka machozi.
Mnunuzi alikuja na mizani yake na ubishi wake.
Nikamuuliza: yanakwenda wapi?
Kiwandani, akasema, yakawe dawa ya mbu.
Nikacheka. Nilikuwa na miaka tisa
na sikuwa nimewahi kumwona mbu.
Tulikuwa mafundi wa kushona viatu
vya miguu tusiyoijua.

Neti za serikali tulizipokea kwa adabu.
Yetu ikazungushiwa kitalu cha kabichi.
Ya Mwasomola ikafunika vifaranga,
mwewe akakoma.

Sijui ulikuwa mwaka gani hasa. Mambo haya hayapigi hodi.
Najua Julai moja sakitu haikulala kwenye majani ya viazi,
na tulifurahi, nakiri, tulifurahi.
Najua baba aliacha sweta la pili.
Najua lile shimo tulilotoa udongo wa matofali,
ambalo maji yake zamani yaliuma hadi mfupani,
watoto walianza kuchezea humo hadi magharibi,
na majini mlikuwa na vijiti vidogo vilivyo hai,
vinapinda, vinanyooka, vinaning'inia kichwa chini.
Wakaviita samaki wa mvua.
Wakavifuga kwenye kopo.

Machi, mvua ikija na kukatika inavyotaka,
Lwitiko wa kaka yangu, miaka mitano,
akasema anasikia baridi
saa sita mchana, jua likiwa juu ya bati.
Tukampa tangawizi. Tukamfunika.
Nani angetaja malaria Isongole?
Ni sawa na kutaja mamba ndani ya ndoo.

Siku ya tatu, zahanati.
Nesi Bupe akasema kifua, akaandika kifua,
kisha, kalamu ikiwa hewani, akauliza:
"Amewahi kushuka Kyela?"
Hajawahi. Hata Tukuyu hajafika.
Akamchoma kidole hivyo hivyo.
Tukakikodolea macho kipimo:
mstari mmoja.
Halafu polepole,
kama mtu anayepanda mlima akipumzika njiani,
wa pili.

Rafu ilikuwa tupu. Nani aagize dawa
ya ugonjwa usiokuwepo?
Dozi ya mseto ilitoka Tukuyu kwa bodaboda, usiku, kwenye ukungu.
Lwitiko alipona.
Mtoto wa Mwasomola, mdogo kuliko yeye,
sitamwandika hapa.

Usiku ule kaka alitoka na tochi
akang'oa neti kwenye kabichi, moja moja mambo zake.
Mama akaifua maji matatu, akaziba matundu
kwa uzi wa kushonea magunia.
Tulilala chini yake wanne,
inanuka udongo na majani,
na nje yake, kwa mara ya kwanza maishani mwangu,
sauti nyembamba ikitutafuta.

Jumatatu mnunuzi akaja na mizani.
Mama hakubishana bei ya maua.
Aliuliza tu: "Na hiyo dawa yenyewe,
ikisharudi dukani, kopo moja ni kiasi gani?"
Akatajiwa.
Akahesabu kilo kwa vidole,
akamaliza mkono wa kushoto, akamaliza wa kulia,
akaomba mkono wangu.